Saa Tatu ya Kitanda cha Nne

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatano, mgonjwa wa kitanda cha nne alifungua kiganja apokee vidonge, na katikati ya kiganja palikuwa na malengelenge matatu.

Muuguzi aliyekuwa akimpa vidonge hakuvidondosha. Alivirudisha ndani ya kikombe, akaweka kikombe juu ya kabati la kando ya kitanda, akamwomba mgonjwa afungue na kiganja cha pili. Huko yalikuwapo mawili. Akamwomba atoe miguu nje ya shuka. Kwenye nyayo yalikuwapo manne, ya mviringo, magumu, yamezama ndani ya ngozi kama yameshindiliwa, na kila moja lilikuwa na kishimo katikati.

Mgonjwa alikuwa fundi makochi, mtu wa makamo, mwenye vidole vilivyokomaa kwa kuvuta uzi na kupiga misumari. Faili lake, lililofunguliwa jana yake, lilikuwa na neno moja tu mahali pa jina la ugonjwa: tetekuwanga.

Muuguzi huyo wenzake walimwita Mama Glavu. Jina alilipata siku alipomzuia mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, mlangoni mwa wodi, mbele ya wageni, akamrudisha akanawe mikono. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuzuia maambukizi katika kituo kizima, na kazi hiyo ilikuwa imemkaa mwilini. Hata nyumbani alinawa na kunawisha mpaka mawifi zake wakaanza kuulizana kama anawaona wachafu.

Tetekuwanga aliijua vizuri. Vipele vyake huja kwa mafungu: hapa kimeiva, pale kimekauka, kingine ndio kwanza kinachomoza, na hupenda kifua na mgongo kuliko viganja. Vya fundi vilikuwa karibu rika moja vyote, kama wanafunzi wa darasa moja, vimejazana usoni, mikononi na miguuni. Vichache tu vya usoni, vilivyotangulia, vilikuwa vimeanza kufanya vigaga.

Akamuuliza vilianza lini. Fundi akasema leo siku ya sita. Kabla yake alikuwa na homa siku tatu, mgongo ukimuuma kama amebeba kochi peke yake, na mitoki ilimvimba kinenani akawa anatembea kama bata.

"Mitoki ulimwambia daktari?"

"Aliniuliza tu kama kuna kinachowasha. Mitoki haiwashi, sista. Nikasema hapana."

Mama Glavu alirudi nyuma hatua mbili, akafungua dirisha, akavuta pazia la kuzunguka kitanda, akaenda kumwita tabibu.

Tabibu alikuwa kijana aliyetoka chuoni miezi minne iliyopita, mwepesi wa kazi na mwepesi wa kukiri kosa. Aliangalia viganja, akaangalia nyayo, akakandamiza tezi za shingoni kwa ncha za vidole. Alisema kwamba jana hakufungua viganja. Fundi alikuwa amekunja ngumi kwa baridi ya homa, na yeye aliangalia uso na kifua, akaona kinachofanana na tetekuwanga, akaandika tetekuwanga. Mama Glavu hakumgombeza. Alimkabidhi gauni, barakoa, miwani na glavu, akamwonyesha utaratibu wa kuvivaa, na muhimu zaidi wa kuvivua.

Fundi alihamishiwa chumba cha mwisho wa ukumbi, chenye mlango wake na choo chake, kilichokuwa kikitunza viti vya magurudumu vilivyovunjika. Tabibu alisugua malengelenge mawili ya mkononi na moja la mguuni kwa vijiti vya pamba, akavitia kila kimoja kwenye kichupa kikavu, vichupa vikaingia kwenye kisanduku cha baridi. Fundi aliuliza wanadhani ni nini. Wakamweleza kwa lugha nyepesi kwamba huenda ni mpox, ule ugonjwa ambao zamani watu waliuita ndui ya nyani.

Fundi alifikiri sana. "Nyani mimi nimemwona kwenye kalenda tu," akasema. "Na kalenda yenyewe ilikuwa ya mwaka juzi."

Tabibu akamwambia kwamba nyani hana habari. Siku hizi mtu huupata kwa mtu, kwa kugusana ngozi na ngozi, au kwa kugusa nguo na matandiko ya mgonjwa. Neno matandiko ndilo lililomfanya Mama Glavu ageuke na kuangalia mlangoni, ingawa mlangoni hapakuwa na mtu.

Mdogo wake, wa tumbo moja, alikuwa dobi wa kituo hicho. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Iliyotangulia, miaka miwili nyuma, ilikuwa imetoka ikiwa ya miezi mitano bila sababu iliyojulikana. Mama Glavu alikuwa amesoma, na alikumbuka hata ukurasa, kwamba mpox kwa mjamzito huweza kumfikia mtoto tumboni na kumuua.

Alimkuta kwenye chumba cha kufulia, amesimama mbele ya pipa, tumbo limetangulia. Mdogo mtu alipomwona aliinua mikono juu, ili glavu nene za mpira zionekane kabla hajaulizwa.

"Dada, usianze. Nimevaa."

"Jana. Shuka za kitanda cha nne."

"Nilizikuta mlangoni kwenye mfuko pamoja na nyingine. Saa tano, kama siku zote."

"Ulizikung'uta?"

Mdogo wake akaangalia sabuni. "Kidogo."

"Kidogo ni nini?"

"Kidogo ni kidogo, dada. Zilikuwa na chenga."

"Chenga za nini?"

"Chenga ni chenga. Sikuzionja."

Shuka za kituo zilikuwa na namba ya kitanda iliyoandikwa kwa wino kwenye pindo, kwa hiyo juu ya kitanda hapakuwa na shaka. Shaka ilikuwa juu ya aliyezilalia. Kila siku, saa nne na nusu asubuhi, vitanda vyote vya wodi vilibadilishwa shuka. Chafu ziliingizwa mfukoni, mfuko ukawekwa mlangoni, na dobi akauchukua saa tano bila kuingia ndani. Kabla ya fundi, kitanda cha nne kilikuwa na mzee mmoja aliyekula biskuti mchana kutwa, hata alipokatazwa. Ikiwa fundi aliingia kitandani asubuhi kabla ya saa nne na nusu, shuka zilizokung'utwa zilikuwa zake, na zile chenga huenda zilikuwa vigaga. Ikiwa aliingia baada ya hapo, chenga zilikuwa biskuti.

Mama Glavu mwenyewe hakuwa na ushahidi wa kutoa. Jumanne nzima alikuwa stoo, akihesabu glavu.

Akaenda kwenye meza ya mapokezi, akafungua daftari la kulaza wagonjwa. Mstari wa kitanda cha nne ulikuwa safi, wino haukufutika, mwandiko ulisomeka. Jina, umri, kazi, kitanda. Kwenye safu ya muda iliandikwa: 3:00.

Karani wa mapokezi, mama mtu mzima ambaye alikuwa amekaa kwenye meza hiyo kabla tabibu hajazaliwa, alikiri bila kusita kwamba mwandiko ni wake. Mama Glavu akapumua. Karani siku zote aliandika saa za Kiswahili. Tatu ya karani ilikuwa saa tatu asubuhi. Basi shuka zilikuwa za fundi, na jambo, hata kama lilikuwa baya, lilikuwa limejulikana.

"Isipokuwa," karani akasema, "jana ndiyo siku niliyobadilisha."

"Ulibadilisha nini?"

"Saa."

Ilibidi aelezwe mara mbili. Jumanne saa nne asubuhi, wakati yeye akihesabu glavu, mganga mfawidhi aliwaita wafanyakazi wa mapokezi na wodi kwenye mkutano mfupi. Wiki iliyopita mgonjwa mmoja alipewa dozi ya asubuhi mara mbili kwa sababu karani aliandika saa za Kiswahili, tabibu akaandika saa za Kizungu, na muuguzi wa zamu akaamini wote wawili. Mganga mfawidhi alikuwa amekasirika. Alisema upuuzi huo ukome, na kwamba kuanzia dakika hiyo kituo kizima kitumie saa moja. Mtu wa nyuma akauliza saa moja ya asubuhi au ya jioni, watu wakacheka, mganga mfawidhi akaona anadhihakiwa, akatoka. Hakusema ni saa ipi.

Karani alirudi mezani kwake akafikiri. Aliona haifai yeye, karani, amlazimishe mtu aliyesomea udaktari afuate saa za karani. Kuanzia hapo akaanza kuandika kama saa ya ukutani inavyoonyesha. Tatu ya karani baada ya mkutano ilikuwa saa tisa alasiri.

"Na fundi alikuja kabla ya mkutano au baada?"

Karani alishika tama. Alisema kwamba Jumanne wagonjwa walikuwa wengi kama siafu, na kwamba huyo alimkumbuka kwa kanzu iliyochanika begani, si kwa saa.

Mstari wa juu yake ulikuwa 2:40 na wa chini yake 10:15. Mama Glavu aliipigia hesabu kwenye karatasi. Mbili na arobaini, tatu kamili, halafu, baada ya mkutano, 10:15 ya saa ya ukutani, yaani saa nne na robo: asubuhi yote, hakuna tatizo. Mbili na arobaini mchana, tatu kamili mchana, vyote kwa saa ya ukutani, kisha karani anajisahau jioni na kuandika kumi na robo kwa mazoea: hakuna tatizo. Daftari halikumsaliti mtu yeyote. Lilikubaliana na kila mmoja.

Ikabaki karatasi ya dawa. Hiyo huandikwa na tabibu mwenyewe anapotoa dozi ya kwanza, na dozi ya kwanza ya fundi ilikuwa na muda wake: 9:20. Mama Glavu alipoiona alihisi amefika. Tabibu alikuwa mtu wa saa za Kizungu tangu siku ya kwanza, saa yake ya mkononi haikumtoka hata akinawa. Tisa na ishirini ya tabibu ilikuwa asubuhi, saa tatu na dakika ishirini, dakika ishirini tu baada ya kulazwa. Kila kitu kilisimama mahali pake.

Akamwonyesha karatasi. Tabibu aliitazama, kisha akaanza kukuna kichwa.

"Jana ndiyo siku niliyobadilisha, mama."

Mama Glavu akakaa kwenye kiti.

Tabibu alisema kwamba baada ya mkutano aliona aibu. Karani ni wa umri wa mama yake. Haikumpendeza mama mzima abadilishe mazoea ya miaka yote kwa ajili ya kijana aliyefika juzi. Kwa hiyo alikata shauri kimyakimya kuandika saa za Kiswahili. Tisa na ishirini ya tabibu baada ya mkutano ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri.

Kwa hiyo walikuwa wamepishana mlangoni kwa adabu, kila mmoja akimwachia mwenzake njia, na kila mmoja akaingia chumba alichotoka mwenzake. Kama fundi alifika asubuhi, karani angeandika tatu na tabibu angeandika tisa. Kama alifika alasiri, karani angeandika tatu na tabibu angeandika tisa. Mama Glavu aliandika sentensi hizo mbili moja chini ya nyingine, akazisoma, akageuza karatasi akaisoma tena kama vile upande wa pili ungekuwa na maoni tofauti.

Akaanza kuuliza watu. Tabibu alikumbuka jambo moja kwa uhakika, kwamba alimwona fundi kabla hajala. Alipoulizwa kabla hajala nini, akasema siku hiyo alikula mara moja tu, saa kumi jioni. Muuguzi wa zamu alikuwa ameitwa wodi ya wazazi mara mbili, na kila aliporudi alikuta wagonjwa wapya. Mgonjwa wa kitanda cha saba, mwanamke mwenye pumu, alisema fundi alikuwapo yeye alipoamka, lakini hakujua aliamka saa ngapi wala mara ya ngapi. Mzee wa biskuti alipigiwa simu nyumbani. Alikuwa na karatasi ya ruhusa ya asubuhi, lakini karatasi ya ruhusa haimtoi mtu kitandani. Alisema aliondoka alipochoka kungoja, na akauliza kama kuna mtu aliyeiona miwani yake.

Mwishowe Mama Glavu alivaa gauni na vyote vinavyofuata, akaingia chumba cha mwisho. Fundi alikuwa amepewa dawa ya maumivu na maji ya chumvi ya kusukutua, kwa sababu vipele viwili vilikuwa vimeota ndani ya mdomo. Alisema nduguye ndiye aliyemleta, akamshusha getini na kuendelea na safari. Simu ya nduguye haikupatikana. Akaulizwa jua lilikuwa wapi alipoingia. Fundi akasema lilikuwa kali mno, lilikuwa linamchoma hadi ndani ya mifupa. Mama Glavu alitazama chati ya joto la mwili, iliyoandikwa tarehe bila saa. Jana fundi alikuwa na nyuzi thelathini na tisa na nusu. Jua alilolieleza lilikuwa lake mwenyewe.

Alhamisi saa nane mchana maabara ilipiga simu. Sampuli zote tatu zilikuwa na virusi vya mpox. Wodi ilikuwa imekwisha kufutwa kwa maji ya klorini tangu jana yake, vitanda, vishikio vya milango na meza ya karani pamoja, na orodha ya watu waliogusana na fundi ilikuwa na majina tisa. Kila mmoja angepimwa joto na kukaguliwa ngozi kila siku kwa siku ishirini na moja. Jina la mdogo wake lilikuwa la kumi, na mbele yake Mama Glavu alikuwa ameandika: haijathibitika.

Lingekuwa jambo dogo kama si chanjo. Ofisi ya wilaya ilisema italeta dozi chache Ijumaa asubuhi, nazo zinafaa zaidi zikichomwa ndani ya siku nne tangu mtu alipogusana na mgonjwa. Siku ya nne ilikuwa Jumamosi. Dozi zilikuwa za wale tu waliothibitika kumgusa mgonjwa au vitu vyake; wa mashaka wangeangaliwa bila kuchanjwa. Kuhusu mjamzito, daktari wa wilaya alikuwa na msimamo wazi kwenye simu: akithibitika, hatari ya ugonjwa ni kubwa kuliko ya chanjo, na atachanjwa kama mwenyewe anakubali. Asipothibitika, hakuna sababu ya kumchoma sindano ambayo bado haijachunguzwa vya kutosha kwa wenye mimba. Alimwomba Mama Glavu, kwa heshima, asimletee hisia. Amletee muda.

Mama Glavu angetoa jibu hilo hilo kama angekuwa yeye upande wa pili wa simu. Hilo ndilo lililomchanganya. Kuandika kwamba imethibitika kungekuwa uongo, na sindano ingeingia kwenye mwili wa mdogo wake kwa sababu ya uongo. Kuacha kama ilivyo kungekuwa kweli, na huenda kweli hiyo ikamwacha mtoto bila kinga. Hakujua ashike lipi aache lipi. Jioni hiyo alikaa ofisini akiwa na daftari, karatasi ya dawa na chati ya joto, akivipanga na kuvipangua, hadi mfagiaji alipomwomba ainue miguu.

Kisanduku cha chanjo kilifika Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi. Majina yalitakiwa yawe yamefungwa kabla ya saa sita. Saa tano kasorobo Mama Glavu alimwita mdogo wake ofisini, akamkalisha upande wa pili wa meza, mbali, dirisha likiwa wazi, akamweleza yote: tatu ya karani, tisa ya tabibu, mkutano, mzee wa biskuti. Alimwonyesha karatasi. Mdogo wake alisikiliza amekunja mikono juu ya tumbo. Mikono ilikuwa mitupu, na ngozi kati ya vidole ilikuwa imepasukapasuka kwa sabuni na klorini, mipasuko myembamba yenye wekundu.

"Sasa hiyo chanjo ni ya nani?" akauliza.

"Ya waliothibitika kumgusa."

"Na mimi?"

"Wewe hujathibitika. Ukiniuliza mimi, sijui. Nimehesabu siku mbili na sijui."

Nje mtu alipita na toroli lenye gurudumu linalolia.

"Dada, acha hizo saa," akasema.

"Siwezi kuziacha."

"Ziache tu. Nilimgusa jioni."

Mama Glavu hakuelewa, na alisema haelewi.

"Jumanne zamu yangu iliisha saa nane. Si nilikungojea? Ulisema unamaliza kuhesabu, tuondoke wote. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini, pale penye upepo. Saa kumi na kidogo yule fundi akawa anaita. Sista, sista. Hakuna sista. Nikachungulia. Shuka limelowa chapachapa, anatetemeka. Nikaingia."

"Ukaingia wodini."

"Nikaingia wodini. Nikamwinua, nikatoa shuka, nikatandika jingine, nikamfuta mgongo kwa lile kavu."

"Na glavu?"

"Ndiyo maana sikusema."

Mama Glavu alitazama mikono ya mdogo wake. Alikumbuka kwamba jioni ile waliondoka pamoja saa kumi na moja, na kwamba njiani yeye ndiye aliyezungumza, kuhusu boksi mbili za glavu ambazo hesabu yake haikuzipata.

"Nimekuuliza tangu Jumatano," akasema.

"Umeniuliza shuka za saa tano. Nimekujibu za saa tano." Sauti ya mdogo wake haikupanda. "Umewauliza watu wote saa, dada. Mpaka mzee wa biskuti. Mimi hukuniuliza nilikuwa wapi, kwa sababu unajua nilikuwa nakungojea. Na ningesema nini? Kila mtu hapa ni mwenzako. Mimi ndiye mdogo wa Mama Glavu. Nikikosea mimi wanacheka mara mbili."

Mama Glavu alichukua kalamu. Akavuta orodha, akakata neno haijathibitika kwa mstari mmoja, ili lisomeke, akaandika juu yake: alimgusa mgonjwa, mikono mitupu, ngozi yenye mipasuko, Jumanne saa kumi na dakika chache jioni. Kisha akamuuliza mdogo wake kama anakubali kuchanjwa, akamsomea yanayojulikana na yasiyojulikana, yote, polepole. Mdogo wake akauliza kama ingekuwa yeye angekubali. Mama Glavu akasema ndiyo. Akaulizwa kama hayo ni maneno ya dada au ya sista. Akasema hajui, na mdogo wake akatoa bega.

Chanjo ilichomwa saa tano na dakika hamsini asubuhi, mkono wa kushoto.

Siku zilizofuata dobi hakufua. Alikaa nyumbani kwenye chumba chake, akiwa na sahani yake, kikombe chake na taulo lake, na mumewe alihamia sebuleni akilalamika kwamba kochi lina misumari na fundi wa kulitengeneza amelazwa. Mama Glavu alikwenda kila asubuhi kumpima joto na kukagua ngozi, kuanzia utosini hadi katikati ya vidole vya miguu. Hawakuzungumza juu ya Jumanne. Walizungumza juu ya majina ya mtoto, na hawakukubaliana hata moja.

Siku ya tisa tangu kugusana, kipele kimoja kilionekana kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Kilikuwa kidogo, chekundu, hakina kishimo. Mdogo mtu alisema ni mbu. Mama Glavu alisema huenda ni mbu, akatoa vijiti vya pamba. Kesho yake maabara ilijibu kwamba sampuli haikutosha kutoa jibu, ichukuliwe nyingine. Ikachukuliwa nyingine, ikaenda na kisanduku cha baridi, na kwa siku mbili Mama Glavu aliweka chumvi kwenye chai bila kutambua mpaka alipofika nusu kikombe. Jibu la pili lilikuwa kwamba virusi havikuonekana. Kipele kilikuwa kimekwisha kunyauka chenyewe.

Fundi makochi alikaa chumba cha mwisho mpaka kigaga cha mwisho kilipodondoka na ngozi mpya ikaonekana chini yake. Katika wale tisa wa kwanza mmoja alipata vipele, yule muuguzi wa zamu. Vyake vilikuwa saba, akakaa katika chumba kile kile, akapona.

Siku ya ishirini na moja ilikuwa Jumanne. Joto la mdogo wake lilikuwa nyuzi thelathini na sita na nukta saba, ngozi safi, hakuna tezi iliyovimba. Mama Glavu alimsindikiza kwa miguu hadi kituoni, kwa mkunga. Mkunga alimlaza, akapima kimo cha tumbo kwa utepe, akaweka kifaa cha kusikilizia upande wa kushoto, akawaomba wanyamaze. Alihesabu dakika nzima kwa kuangalia saa ya ukutani. Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa ya kawaida, mia moja arobaini na mawili.